Kusoma herufi za muhogo: namna labo inajua ugonjwa ambao macho hayaoni



Msimu uliopita mama mmoja memba wa koperative alitusimamisha njiani, ndoo ya mihogo ikiwa kichwani. Akaishusha, akatoa muhogo mmoja, akaukata mbele yetu. Ndani kulikuwa na mabaka ya rangi ya kahawa, makavu kama gome la mti. Akatuambia: “Majani ilikuwa muzuri. Miti ilikuwa muzuri. Ninyi wenyewe njo mulituletea. Sasa hii ni nini?”

Hatukuwa na jibu. Ni kweli, miti ile ya kupanda ilitoka kwetu. Tulitembea ndani ya shamba la mbegu, tukatazama majani, tukaona hakuna mozaike, tukasema miti ni mizima. Tulitumia macho tu, na macho yalitudanganya.

Katika toleo hili tunaeleza kazi moja ambayo inasikika sana siku hizi: kusoma ADN. Wengi wenu mmesikia neno hilo kwenye redio, wakati wa ebola au mpox, lakini halijaelezwa vizuri kwa mkulima. Tutaeleza ADN ni nini, mashini inaisoma namna gani, jibu linapatikana vipi, na hasa jambo gani koperative inapaswa kufanya kabla na baada ya jibu hilo.

Macho yanadanganya wapi?

Mihogo yetu ina magonjwa mawili makubwa ya virusi. La kwanza ni mozaike. Hilo tunalijua: majani yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya manjano, mti unadumaa. Mtoto wa shule anaweza kuutambua.

La pili ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huu ni mwizi wa usiku. Majani ya chini yanaweza kuwa na manjano kidogo pembeni ya mishipa, na mkulima anafikiri ni uzee wa majani au udongo umechoka. Aina nyingine za muhogo hazionyeshi karibu kitu chochote juu. Uharibifu uko chini ya udongo, ndani ya muhogo wenyewe, na unaonekana siku ya kuvuna, wakati umekwisha kulima, kupalilia na kungoja mwaka mzima.

Hapa kwetu Kongo, virusi vya michirizi vilithibitishwa na labo kutoka mashamba ya upande wa Beni, Kivu ya Kaskazini, na habari hiyo ikatangazwa na watafiti mwaka 2012. Baadaye ugonjwa ulionekana sehemu nyingine za mashariki. Lakini sikieni jambo la ajabu: magharibi ya nchi yetu pia mihogo inaoza ndani kwa namna inayofanana sana. Watafiti walipoipima ile mihogo ya magharibi, virusi vya michirizi havikuonekana. Kwa hiyo ugonjwa ule ulipewa jina lingine.

Kuoza kunafanana, chanzo ni tofauti. Ni kama homa. Mtu akiwa na homa, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa tifoide. Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kupima damu. Na muhogo vilevile unahitaji kupimwa.

ADN ni kitabu ndani ya kila kiumbe

Kila kiumbe, mtu, mbuzi, muhogo, inzi, kina maandishi ndani ya mwili wake. Maandishi hayo yanaitwa ADN. Ndiyo yanayosema huu uwe muhogo mchungu na ule uwe mtamu, huyu mbuzi awe mweusi na yule mweupe. Yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, C na G. Herufi hizo zinapangana moja nyuma ya nyingine, kama punje za mahindi kwenye mstari wa gunzi. Maandishi yote ya kiumbe kimoja, toka mwanzo hadi mwisho, yanaitwa jenomu.

Jenomu ya muhogo ina herufi karibu milioni 750. Virusi ni vidogo sana: virusi vya michirizi vina herufi karibu 9,000 tu. Virusi vya mozaike vina vipande viwili vya mviringo, kila kimoja kina herufi karibu 2,800.

Tuongeze jambo moja. Virusi vya mozaike vimeandikwa kwa ADN. Virusi vya michirizi vimeandikwa kwa ndugu yake anayeitwa ARN. Kwa kawaida labo inanakili kwanza ARN kuwa ADN, kisha inasoma. Kwa hiyo mkipeleka majani, elezeni ni ugonjwa gani mnaoushuku, sababu kazi ya labo haianzi sawasawa kwa yote mawili.

Mashini inasoma namna gani?

Herufi hizo hazionekani kwa macho, wala kwa miwani. Kazi inaanza kwa kusaga kipande cha jani, kuvunja kuta za chembechembe zake, na kusafisha ADN itoke peke yake. Usafi huu ni kazi ngumu kwa mimea, maana utomvu na vitu vingine vya jani vinaharibu kipimo.

Kisha ADN inaingizwa kwenye mashini. Njia ziko zaidi ya moja. Tueleze mbili zinazotumika sana.

Njia ya kwanza ni ya rangi. Mashini inachukua vipande vifupi vya ADN, inajenga nakala ya kila kipande herufi kwa herufi. Kila herufi inayoongezwa inatambulika kwa mwanga wake, na kamera inapiga picha kila hatua. Vipande vinavyosomwa ni vifupi, mara nyingi herufi 150 hadi 300, lakini ni mamilioni kwa wakati mmoja, na makosa ni machache. Mashini kubwa za aina hii zinahitaji labo nzuri na umeme usiokatika.

Njia ya pili ni ya tundu. Fikiria mbuzi wanaoingia zizini usiku kupitia mlango mwembamba, mmoja mmoja. Wewe umesimama mlangoni, huoni kitu, lakini mkono wako umeshika nguzo. Mbuzi mnene akipita nguzo inatikisika kwa namna yake, mwanambuzi kwa namna nyingine. Ukizoea, unajua nani amepita. Mashini ya tundu inafanya hivyo. Ina matundu madogo sana, na umeme mdogo unapita ndani ya kila tundu. Uzi wa ADN ukipita, herufi zake zinazuia umeme, na kila kundi la herufi linazuia kwa namna yake. Mashini inaandika mtikisiko huo wa umeme, na kompyuta inaugeuza kuwa herufi. Kwa sekunde moja herufi mia kadhaa zinapita katika tundu moja.

Faida ya njia hii ni kwamba inasoma vipande virefu, maelfu ya herufi kwa mara moja. Tena mashini yake iko ndogo. Ile inayoitwa MinION inaenea kwenye kiganja, ina uzito usiofika gramu 100. Hasara yake ni kwamba inakosea zaidi katika kusoma herufi moja moja.

Kutoka herufi mpaka jibu

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanafikiri mashini inatoa karatasi imeandikwa “mgonjwa” au “mzima”. Hapana. Mashini inatoa mamilioni ya vipande vya herufi, vimechanganyika kama daftari la koperative lililochanwa na watoto. Kazi ya kuvipanga inafanywa na kompyuta na mtu aliyejifunza. Kazi yenyewe ina hatua nne.

*Hatua ya kwanza: kupepeta.* Vipande vilivyosomwa vibaya vinatupwa, kama tunavyopepeta maharagi kabla ya kupika.

*Hatua ya pili: kuunganisha.* Tuseme daftari lilichanwa, na tumeokota karatasi tatu:

“leo tulivuna mi”
“vuna mihogo”
“mihogo gunia kumi”

Ukitazama sehemu zinazofanana, unapata: “leo tulivuna mihogo gunia kumi”. Kompyuta inafanya vivyo hivyo na herufi nne, kwa vipande vingi sana. Tena sehemu ileile inasomwa mara nyingi. Kipande kimoja kikisema T, na vingine kumi na tisa vikisema C, tunakubali C. Ni kama kupiga kura ndani ya mkutano: mmoja akisikia vibaya, wengi wanamsahihisha. Ndiyo maana mashini inayokosea kidogo inaweza bado kutoa jibu la kuaminika, mradi imesoma mara za kutosha.

*Hatua ya tatu: kulinganisha.* Ndani ya jani, karibu herufi zote ni za muhogo wenyewe. Zile za virusi zinaweza kuwa chache kabisa, kama punje za mtama ndani ya gunia la mchele. Kompyuta inachukua kila kipande na kukilinganisha na maktaba kubwa ya herufi za viumbe vilivyokwisha kusomwa duniani. Moja ya maktaba hizo inaitwa GenBank. Ilianza mwaka 1982, na mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Kipande kikifanana na muhogo, kinawekwa pembeni. Kikifanana na virusi vya mozaike, kinahesabiwa.

Hapa kuna tofauti kubwa na vipimo vya zamani. Vipimo vingi vinauliza swali moja: “Je, fulani yupo?” Kusoma herufi kunauliza: “Nani yupo humu?” Virusi ambavyo hukuvifikiria vinaweza kuonekana pia.

*Hatua ya nne: kutafuta ukoo.* Virusi vinapozaliana, herufi zinabadilika kidogo kidogo. Virusi viwili vyenye herufi karibu sawa ni ndugu wa karibu. Vyenye tofauti nyingi viliachana zamani. Kwa njia hii watafiti wanajua ugonjwa ulitoka wapi. Mfano wetu ni mozaike kali iliyoharibu Uganda miaka ya 1990, halafu ikafika huku. Watafiti waliposoma herufi zake, walikuta virusi vya aina moja vimemeza kipande cha virusi vya aina nyingine. Aina mbili zilikutana ndani ya mti mmoja, zikazaa ya tatu. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1997.

Wakati wa ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, INRB ilisoma herufi za virusi vya wagonjwa namna hiyo, ili kujua nani aliambukizwa na mlolongo gani. Kazi ya muhogo ni ileile. Kinachobadilika ni mgonjwa.

Labo chini ya mti

Mtu atasema: “Hayo ni ya Kinshasa na Ulaya. Sisi huku hatuna hata umeme.” Ni neno la haki. Lakini kuna jambo lililofanyika karibu yetu ambalo mnapaswa kulijua.

Kundi la watafiti lilichukua mashini ndogo ya tundu, kifaa cha kusafisha ADN na kompyuta ndogo ya kugeuza mtikisiko kuwa herufi, vyote vikitumia betri. Wakaenda kwenye mashamba matatu ya wakulima wadogo: moja Tanzania, moja Uganda, moja Kenya. Hawakuwa na labo. Hawakuhitaji intaneti. Kazi hiyo wakaiita “labo ya mti”. Walichukua majani, miti, mihogo na hata wadudu, wakasoma herufi palepale shambani. Toka kufika kwa mkulima mpaka kumpa jibu, haikufika saa 3. Virusi vya mozaike vilionekana. Ripoti ilitoka mwaka 2019.

Hatusemi kwamba mashini hiyo itafika kesho kwenye kijiji chako. Vifaa vyake na dawa zake bado ni ghali, na vinahitaji mtu aliyefundishwa. Tunasema kwamba umbali kati ya shamba na labo unapungua, na koperative iliyojitayarisha ndiyo itafaidika kwanza.

Kile ambacho mashini haiwezi kufanya

Kwanza, haiponyeshi. Muhogo ukishaingiliwa na virusi, hakuna dawa ya kunyunyizia.

Pili, inasoma jani ulilolipeleka, siyo shamba lako lote. Virusi vya michirizi havienei sawasawa ndani ya mti. Vinaweza kuwa kwenye tawi moja na kukosekana kwenye lingine. Kwa hiyo jibu likisema “hatukuona virusi”, lisomeni vile lilivyoandikwa. “Hatukuona” si sawa na “hakuna”.

Tatu, inaweza kudanganywa na uchafu. Mkono ulioshika jani gonjwa ukishika jani zima bila kunawa, mashini itasoma virusi pale ambapo havikuwa. Labo nzuri inapitisha pia chupa ya maji matupu pamoja na majani yenu. Yale maji yakionekana na virusi, wanajua kuna uchafu, wanarudia kazi. Mna haki ya kuuliza kama walifanya hivyo.

Sisi tufanye nini?

Virusi vya michirizi vinabebwa na nzi weupe, wale wadogo chini ya majani. Lakini nzi hawa hawawezi kuvishika kwa muda mrefu, kwa hiyo hawavipeleki mbali. Anayevipeleka mbali ni mtu mwenye miti ya kupanda. Ni sisi, kwa pikipiki, kwa gari, kwa chukudu. Miti tunayopeana kwa upendo, kwenye harusi, kwa shemeji, kwa koperative jirani, ndiyo njia kuu ya ugonjwa. Kwa hiyo tunapendekeza haya:

1. Kabla ya kukata miti ya kupanda, kagueni shamba. Pitieni kwa kukatiza toka kona hadi kona, mistari miwili kama alama ya X, na tazameni miti 30. Tazameni majani ya chini, si ya juu tu. Ng'oeni miti michache na mkate mihogo yake.

2. Mkishuku kitu, chukueni majani ya sehemu mbalimbali za mti uleule. Kila mti uwe na bahasha yake ya karatasi, au ufungwe ndani ya gazeti. Msitumie mfuko wa plastiki, majani yanaoza. Naweni mikono kati ya mti na mti.

3. Andikeni juu ya bahasha: tarehe, kijiji, jina la aina ya muhogo, mahali miti ilikotoka, na dalili mlizoona. Jani bila habari hizo ni kama mgonjwa aliyefika hospitali bila kusema anaumwa wapi.

4. Pelekeni kwa agronomu wenu, kwa inspekteri wa kilimo, kwa SENASEM au kituo cha INERA kilicho karibu. Ulizeni mambo manne kabla ya kuacha bahasha: mtasoma nini, jibu litatoka lini, litarudi kwa nani, na majina yetu yatatumiwaje. Majani yetu yasipotee kwenye ripoti ambayo hatutaiona.

5. Wakati mnangoja jibu, miti ya shamba hilo isitoke. Si kuuza, si kupeana.

6. Jibu likithibitisha ugonjwa, ng'oeni miti yenye dalili na kuichoma. Vuneni mapema yale yaliyobaki, kateni sehemu zilizooza na kuzitupa. Sehemu nzima ya muhogo inaliwa; virusi vya mimea havimwambukizi mtu. Lakini msichukue mbegu humo. Tafuteni miti mipya mahali palipopimwa, na mkubaliane na majirani, sababu shamba moja safi katikati ya mashamba machafu halikai safi.

Tulimrudia yule mama

Tulirudi kwake pamoja na kamati ya koperative. Tulimwomba radhi kwanza, maana kosa lilikuwa letu. Kisha tukapitia shamba lake na mashamba mengine manne yaliyopata miti ileile. Katika mashamba mawili tulikuta mihogo yenye mabaka. Majani yalikusanywa, bahasha zikaandikwa, zikaenda labo. Mpaka tunapoandika, jibu bado.

Kulikuwa na jambo gumu zaidi. Koperative jirani ilikuwa imeahidiwa miti kutoka mashamba hayo, na watu wao walikuwa wamekwisha kulima. Mkutano ulikuwa mkali. Wengine walisema: “Miti iko inaonekana muzuri, tuwape tu, njaa haingoji.” Mwishoni yule mama akasimama. Akasema kwamba yeye pia alipewa miti iliyoonekana muzuri. Mkutano ukanyamaza. Wakapiga kura, miti haikutoka. Sisi tunatafuta miti mingine, iliyopimwa, ili wale majirani wasipoteze msimu wote.

Jibu likifika, tutalichapisha hapa, hata likisema kwamba tulijihofia bure.

Maswali ya kuzungumza kwenye kikao chenu

- Miti tuliyopanda msimu huu ilitoka wapi, na nani aliikagua?
- Je, tuna daftari linaloonyesha nani alimpa nani miti?
- Tukiambiwa tusitoe miti kwa msimu mmoja, tutamsaidiaje memba ambaye anaishi kwa kuuza miti hiyo?
- Nani kati yetu anaweza kufundishwa kuchukua majani na kuandika bahasha vizuri?

Tuandikieni majibu yenu, au mpeni agronomu anayewatembelea. Yale mazuri tutayaweka katika toleo lijalo, ili koperative nyingine zijifunze kwenu.